Kabla Hujaisikiliza Ile Voisi ya Jumapili

Haya, mliokwisha kutumiwa ile voisi, punguzeni kicheko mnisikilize na mimi mwenye msiba. Ni ya jamaa yangu wa Bukavu, anasimulia nilivyofungua sala kwa Kifaransa kanisani, na anadai kanisa zima liliinuka. Uongo. Waliinuka wawili tu, na mmoja alikuwa anamtoa mtoto nje.

Mnalijua kanisa letu hapa Lyon: Wakongo wengi, Warundi kiasi, na Mtanzania mmoja mwenye Kifaransa cha miezi saba. Mama mchungaji akaniambia, "Mwanangu, Jumapili utatufungulia sala. Kwa Kifaransa." Kiherehere changu kikajibu, "Ndiyo, mama."

Usiku kucha niko na karatasi na penseli, nakata silabi za vitenzi. Adui niliyemjua ni ile -ent ya mwishoni, inaandikwa lakini haisemwi. Ils prient unaishia "pri". Ils chantent unaishia "shant". Herufi tatu nzima ziko kwenye orodha, kazini hazionekani, kama wafanyakazi hewa. Nikazikata zote. Halafu nikakumbuka kanuni ya mwalimu: s ikibanwa na irabu mbili inageuka z. Nous faisons, nous disons, z tupu. Nikajiona profesa.

Jumapili nimesimama, suti ya kuazima, maiki mkononi. Ils prient, salama. Ils chantent, salama. Mzee wa safu ya mbele anatikisa kichwa, "Amen." Nikasema moyoni, kumbe lugha yenyewe ndiyo hii! Nikafika mstari wa kuwaalika watu wainamishe vichwa: Baissons la tête.

Kwenye karatasi nilikuwa nimekata bai-ssons. (Wanaosoma Kifaransa, shikeni hapo: ni bais-sons, s moja huku, nyingine kule, na sauti inabaki s.) Mimi nikaona irabu kushoto, irabu kulia, nikaita z. Tena nikaivuta kwa hisia, macho nimefumba, mkono juu: "Beee-zooon..."

Kimya.

"...la tête," nikamalizia, maana sentensi ikishaanza lazima iishe.

Kwa z, neno linahamia kitenzi kingine, baiser. Kamusi za zamani zitawaambia baiser ni kubusu. Msiziamini. Siku hizi kikiwa kitenzi, hata kondakta wa daladala angekisema kwa kunong'ona. Na mimi nimewaalika waumini wote, kwa wingi, "na tu-", watoto wa shule ya Jumapili wakiwa hapo hapo mbele yangu.

Nikafumbua jicho moja. Mama mchungaji kajifunika uso kwa kitenge, mabega yanacheza. Nikadhani Roho ameshuka. Wengine wananitazama tu, nikadhani hawakusikia vizuri.

Nikarudia. Kwa sauti kubwa zaidi.

(Kumbe hii jamaa hakuiweka kwenye voisi. Nimejichongea mwenyewe.)

Mengine mafupi: mchungaji akachukua maiki, sala ikaendelea kwa Kiswahili, mimi nikala wali wangu jikoni nimegeukia ukuta. Kinachoniuma ni kwamba ile s ningeisoma Kiswahili-Kiswahili, kama nilivyolelewa Tanga, ingetoka sawasawa kabisa. Z niliitafuta mwenyewe, kwa penseli.

Jumapili ijayo wamenipa tangazo la chakula cha pamoja. Kutakuwa na poisson. S mbili ni samaki, s moja ni sumu. Nimezihesabu mara nne.