Rangi Ikiharibika, Usirudi Kwenye Blichi Usiku Huohuo

Nina hoja moja kwa kila dada aliyepaka nyumbani tona, ile rangi ya kurekebisha nywele zilizopitia blichi, kisha akakuta kwenye kioo rangi asiyoitarajia: blichi iliyobaki ifungwe, iwekwe mbali, na isiguswe kwa wiki mbili angalau. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu usiku ule yaliponikuta hayo, hapa Nkuhungu, Dodoma, nilikuwa nimeshaikoroga ya pili ndipo dada yangu mkubwa akaniondolea bakuli mikononi.

Nywele zangu zilikuwa na rangi mbili. Karibu na ngozi, mahali ambapo joto la kichwa huharakisha kazi ya blichi, zilikuwa zimefikia njano iliyopauka, na tona ya zambarau ikazigeuza rangi ya majivu. Kuanzia hapo hadi nchani zilibaki na rangi ya papai bivu, kana kwamba sikupaka kitu. Niliilaumu tona. Lakini tona haing'arishi nywele. Kazi yake ni kuzima rangi iliyobaki baada ya blichi. Zambarau huzima njano, bluu huzima rangi ya chungwa, na bluu ikipakwa juu ya njano huweza kuacha ukijani. Nywele nyeusi kama zetu hupitia wekundu, kisha rangi ya chungwa, kabla ya kufika njano, kwa hiyo anayenunua zambarau kwa kuvutiwa na picha ya kwenye boksi, huku nywele zake zikiwa bado za chungwa, amenunua dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Majivu yale yaliniondoka kwa shampuu na stimingi, maana tona hufifia kila unapoosha. Rangi ya papai ndiyo iliyonipeleka kwa msusi mmoja wa mtaa wa Makole. Aliuchukua unywele mmoja uliolowa, akauvuta taratibu; ulirefuka kama mpira, haukurudi, ukakatika. Akaniambia blichi nyingine, hata iliyokorogwa na peroksaidi, ile dawa ya kuchanganyia blichi, ya asilimia 6 tu, ingeziacha nywele zangu kwenye taulo. Alinipaka kahawia. Wengi huona hiyo ni kushindwa, nami siafikiani nao kabisa: kahawia hukaa vizuri juu ya chungwa kwa sababu ndani yake mna chungwa hilohilo, limekolezwa giza.

Maji nayo yahesabiwe. Visima vingi vya huku vina maji ya chumvi, na madini yake hung'ang'ania nywele zilizopitia blichi mpaka zinakuwa ngumu na rangi inachujuka. Mimi husuuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua niliyoyakinga, na kiangazi kikikolea natenga lita moja ya maji ya kunywa.

Aliyeniuzia tona hakuniuliza nywele zangu zimefikia rangi gani. Natamani kila duka la vipodozi liulize hivyo kabla ya kupokea pesa, na mteja ajibu akiwa na kishungi kidogo mkononi, alichokikata nyuma ya sikio, tayari kukijaribia tona hiyo kabla ya kuigusisha kichwani.