Maneno Adimu ya Kiingereza Kwenye Mlango wa Uzamivu

Mhadhiri mmoja hapa Dodoma, ambaye kwa miaka mingi amesimamia wanafunzi wa uzamili na uzamivu, alinieleza hivi karibuni kwamba amechoka kusahihisha nyakati za vitenzi katika tasnifu za watu wazima. Anapendekeza vyuo vyetu vifuate desturi iliyotawala kwa muda mrefu Marekani: mwombaji wa shahada ya uzamivu apimwe kwanza msamiati wa juu wa Kiingereza, kwa mtihani wenye muda na alama, na asiyefikia kiwango akajiandae upya. Hoja yake ni nzito na sitaki kuipita haraka. Hata hivyo, wanaopinga mtihani wa aina hiyo wameeleweka vibaya kwa muda mrefu, kana kwamba wanawaombea huruma watu wavivu. Wanachouliza ni kama maneno yanayopimwa ndiyo ambayo mtafiti atayahitaji.

Mfano anaoufikiria ni mtihani wa GRE, unaotolewa na taasisi ya ETS ya Marekani na ambao mizizi yake inarudi hadi mwaka 1936. Hadi mwaka 2011 sehemu yake ya lugha iliuliza vinyume vya maneno na ulinganisho wa jozi za maneno, bila muktadha wowote. Maswali hayo yaliondolewa Agosti mwaka huo, na sasa mtahiniwa hujaza mapengo ndani ya sentensi na kujibu maswali ya vifungu vya habari. Tangu Septemba 2023 mtihani umefupishwa, na sehemu hiyo ya lugha ina maswali 27 yanayojibiwa kwa dakika 41. Nakubali kwamba kujaza pengo ni bora kuliko kutafuta kinyume cha neno lililosimama peke yake. Lakini mtu aliyeielewa mantiki yote ya sentensi bado hawezi kuchagua kwa uhakika kati ya "laconic", "obsequious" na "soporific" ikiwa hajawahi kukutana na maneno hayo.

Wanaoutetea mtihani wana ushahidi. Paul Nation, mtaalamu wa ufundishaji wa msamiati huko New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba msomaji anahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000 (familia ni neno pamoja na watoto wake, kwa mfano "analyse", "analysis" na "analytical") ili atambue asilimia 98 ya maneno katika riwaya na magazeti ya Kiingereza bila msaada. Mtu wa uzamivu husoma mamia ya makala na vitabu, na msamiati mdogo humfanya asome polepole, achoke mapema, na pengine amnukuu mwandishi kinyume cha alichosema. Mwaka 2001 mtafiti Kuncel na wenzake waliunganisha matokeo ya tafiti nyingi kuhusu GRE wakaona kwamba alama zake zinaendana na alama za masomo ya uzamili na uzamivu, pamoja na matokeo ya mitihani ya jumla ya idara. Ushahidi huo haupaswi kufichwa na yeyote anayetaka kusikilizwa.

Ipo pia hoja ya usawa, nayo ndiyo iliyonisumbua kuliko zote. Kijana wa Mpwapwa aliyesoma katika chuo kisichojulikana nje ya nchi, na ambaye barua zake za mapendekezo zimeandikwa na watu wasiojulikana huko anakoomba, hana njia nyingine ya kuonyesha kwamba analingana na aliyelelewa katika vyuo vikubwa. Ukiondoa mtihani, majina ya vyuo na wasimamizi yanabaki kuwa ndiyo mizani. Chuo cha MIT cha Marekani kiliposimamisha mitihani ya SAT na ACT kwa waombaji wa shahada ya kwanza wakati wa janga la korona, kilirejesha sharti hilo mwaka 2022 kwa kueleza kwamba alama hizo huwasaidia kuwatambua wanafunzi wenye uwezo kutoka shule zenye uhaba. Nimeitafakari sana hoja hiyo. Lakini maelezo ya MIT yaliegemea zaidi hisabati, na hisabati ina tabia yake: mtu mwenye kitabu kimoja kizuri, daftari na subira anaweza kujifundisha hadi akamfikia aliyetangulia. Maneno adimu hayaji hivyo. Huokotwa moja moja kwa miaka, katika nyumba zenye vitabu, katika mazungumzo ya mezani, katika magazeti yanayosomwa kwa starehe. Hakuna daftari linaloweza kuifidia miaka hiyo kwa miezi mitatu.

Jambo lisilosemwa vya kutosha ni asili ya maneno yenyewe. Sehemu kubwa ya msamiati wa juu wa Kiingereza imetoka Kilatini na Kigiriki, mara nyingi kwa kupitia Kifaransa. Mhispania akikuta "lugubrious" anaiona "lúgubre" ya kwao, akikuta "tenacious" anaiona "tenaz", na Mfaransa akikuta "laconic" anaiona "laconique" ambayo ameizoea tangu ujana. Wote wawili wanaweza kuwa na Kiingereza kibovu kuliko cha mhitimu wetu, lakini lugha zao zimenyonya ziwa moja na maneno hayo. Mswahili anaweza kulipima jambo hili kwa mizani yake mwenyewe. Tuseme chuo cha Tanzania kimeamua kuwapima wageni kwa msamiati wa juu wa Kiswahili, kikachagua "dhahiri", "batini", "fasaha", "ghaibu" na "dhamira", yote yenye asili ya Kiarabu. Msomi kutoka Misri angeyatambua mengi kabla hajajifunza kuamkia, na Mzulu, ambaye sarufi ya lugha yake ni ndugu wa damu wa sarufi yetu na ambaye baada ya mwaka mmoja angeandika sentensi safi kuliko za huyo Mmisri, angeanguka. Sidhani kama kuna mtu ambaye angesema kwamba mtihani huo umetuonyesha ni nani atakayekuwa mtafiti bora wa historia ya Kilwa. Mwombaji ambaye lugha yake ya kwanza ni Kigogo, ya pili Kiswahili na ya tatu Kiingereza anaingia katika chumba cha GRE akiwa upande wa yule Mzulu.

Namfahamu binti mmoja aliyefanya kazi ya kukusanya takwimu za afya katika vijiji vya wilaya ya Kongwa, akaamua kuomba nafasi ya uzamivu ng'ambo. Ada ya mtihani ni dola 220, zaidi ya shilingi laki tano. Mtihani unaruhusiwa kufanyiwa nyumbani, kwa sharti la chumba ambacho mtu mwingine haingii hadi umalize, pamoja na intaneti isiyokatika. Katika nyumba ya kupanga yenye familia nne na ua mmoja, sharti hilo lilimshinda, akasafiri hadi Dar es Salaam. Kabla ya hapo, kwa miezi mitatu, alikuwa amekata manila kuwa kadi ndogo, akaandika neno la Kiingereza upande mmoja na maana ya Kiswahili upande wa pili, akazifunga mia mia kwa raba bendi. Nilizishika kadi hizo. Nyuma ya "laconic" alikuwa ameandika "mtu wa maneno machache", kisha akaongeza kwa penseli: "kama babu". Alama zake za lugha hazikufikia kiwango cha chuo alichokitaka, na jibu alilopewa lilitaja alama hizo tu, ingawa ETS wenyewe wanashauri kwamba alama za GRE zisitumike peke yake kama kizingiti cha kumkata mwombaji.

Sasa tuangalie mtafiti anahitaji maneno gani. Averil Coxhead, naye wa New Zealand, alichambua maandishi ya kitaaluma yenye jumla ya maneno milioni tatu na nusu, kutoka nyanja za sanaa, biashara, sheria na sayansi, na mwaka 2000 akachapisha orodha ya familia za maneno 570 zinazojirudia katika nyanja zote hizo. Nimeirudia namba hiyo mara nyingi kwa sababu inabadilisha sura ya mjadala mzima. Familia hizo 570 hubeba takribani asilimia 10 ya maneno katika maandishi ya kitaaluma, na ukiongeza zile familia 2,000 za maneno ya kawaida kabisa ya Kiingereza, unafika karibu asilimia 86. Humo yamo "data", "method", "derive", "estimate", "significant", "hypothesis". "Obsequious" haimo. Mtu anayejifunza familia tatu kwa siku humaliza orodha nzima katika miezi sita na siku chache, na kila neno analojifunza atakutana nalo tena wiki hiyohiyo katika makala anayosoma, ilhali "soporific" anaweza asiione tena maisha yake yote ya utafiti.

Mpinzani wangu atasema, na atakuwa na haki, kwamba bado kuna asilimia 14, yaani neno moja katika kila maneno saba. Ni kweli, na msomaji anayekwama kila baada ya maneno saba hasomi. Lakini asilimia hizo zina nini ndani yake? Pamoja na majina ya watu na mahali, zimejaa istilahi za fani yenyewe. Binti wa Kongwa hakuhitaji kadi za manila ili atofautishe "incidence" na "prevalence", maneno ambayo katika mazungumzo yetu ya Kiswahili yote mawili huishia kuwa "kiwango cha ugonjwa". Alijua kwamba la kwanza linahesabu wagonjwa wapya katika kipindi fulani na la pili linahesabu wote walio nao ugonjwa wakati huo, na kwamba anayeyachanganya ataharibu jedwali zima. Aliyajifunza katika kazi, kwa sababu kazi ilimdai.

Kongwa inajulikana katika utafiti wa trakoma, ugonjwa wa macho unaoambukiza, tangu miaka ya 1980, na jaribio la kuhimiza watoto kuoshwa nyuso lililofanyika huko lilichapishwa mwaka 1995. Katika tafiti hizo uso safi una maana mahususi: uso usio na tongotongo machoni wala kamasi puani. Binti yule alinieleza kwamba ukimuuliza mama kama leo amemwosha mtoto uso, karibu kila mama atasema ndiyo, kwa kuwa kusema hapana ni kujishtaki mbele ya mgeni. Ndiyo maana alijifunza kutazama kwanza, kisha akauliza maji yanachotwa wapi na mara ngapi kwa siku. Huo nao ni ujuzi wa lugha, tena wa hali ya juu, nao ndio unaoamua kama takwimu zitakazoandikwa baadaye kwa Kiingereza ni za kweli. Hakuna swali lolote kati ya yale 27 ya GRE linaloweza kuugusa.

Kuhusu kama alama hutabiri mafanikio, mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt waliangalia wanafunzi wao wa uzamivu wa sayansi za tiba, wakaona kwamba alama za GRE zilitabiri kwa kiasi alama za masomo ya mwanzo, lakini hazikutabiri ni nani atamaliza shahada wala atachapisha makala ngapi. Utafiti wa namna hiyo una udhaifu ambao lazima usemwe: waliopimwa ni wale waliokwisha kudahiliwa, wengi wao wakiwa na alama nzuri, na walioachwa mlangoni hatuwezi kujua wangefanya nini. Kwa hiyo sisemi kwamba mtihani haupimi chochote. Nasema tu kwamba matokeo haya hayagongani sana na yale ya mwaka 2001 kama inavyodaiwa, kwa kuwa kupata alama darasani na kufikisha utafiti mwisho ni kazi mbili tofauti, na sisi hapa tunatoa shahada kwa kazi ya pili.

Malalamiko ya mhadhiri wangu yanabaki palepale, nami sitaki yabaki bila jibu. Kiingereza cha wahitimu wetu wengi ni dhaifu, na si jambo la jana. Ripoti ya Criper na Dodd ya mwaka 1984 kuhusu Kiingereza katika elimu ya Tanzania ilieleza kwamba takribani asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa katika kiwango ambacho elimu kwa Kiingereza ingeweza kuanzia. Lakini tazama anacholalamikia: nyakati za vitenzi, aya zisizoshikana, hoja iliyoanza na haikumalizika. Mtihani wa msamiati adimu hautamkamata hata mmoja wa waandishi hao, kwa kuwa mtu anaweza kuzikariri kadi elfu moja na bado asiweze kuandika aya moja inayosimama.

Yangekuwa mamlaka yangu, mwombaji angepewa makala mbili za karibuni za fani yake zinazopingana, saa tatu, na kamusi mezani. Angeandika kwa Kiingereza kurasa mbili akieleza kila mwandishi anadai nini, wanatofautiana wapi, na ushahidi wa nani una tundu. Kisha angeeleza jambo hilohilo kwa ukurasa mmoja wa Kiswahili, kwa namna ambayo mtendaji wa kijiji cha Mlali angeielewa. Kasoro za sarufi zingeonekana, uvivu wa kusoma ungeonekana, na asiyejua tofauti ya "incidence" na "prevalence" angeonekana pia.

Najua kipingamizi kitakachokuja: mtihani wa kuchagua jibu husahihishwa na kompyuta, huu unahitaji macho ya watu. Kwa waombaji 40, kila karatasi ikisomwa na wahadhiri wawili kwa dakika 40, kila mmoja wao atatumia saa zisizopungua 26, yaani takribani siku nne za kazi. Mhadhiri yule aliponieleza uchovu wake alikuwa na tasnifu moja mezani, na alikuwa katika wiki yake ya tatu ya kuisahihisha.