Hasira ya fumanizi na hofu ya miaka kumi

Kila inapotoka habari ya mume kumuua mkewe, kuna maneno nayasubiri na hayakawii: "chanzo kinadaiwa kuwa wivu wa mapenzi." Mshtakiwa hajapandishwa hata kizimbani, tayari mtaa umeshamwandikia nusu ya utetezi.

Nusu hiyo ina uzito kisheria. Tanzania Bara, anayetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia adhabu yake ni moja tu, kunyongwa. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu hakimwachii jaji nafasi ya kuchagua. Kosa likishuka na kuwa kuua bila kukusudia, ukomo ni kifungo cha maisha, na jaji anaweza kushuka chini ya hapo kadiri anavyoona inafaa. Daraja la kushukia, kwa kesi za ndoa, mara nyingi ni kifungu cha 201: aliyeua kwa ghadhabu ya ghafla kabla hasira haijapoa.

Chukua mume aliyefumania. Akipiga palepale kwa kilichokuwa mkononi, wakili wake ana pa kuanzia. Akitoka chumbani, akaenda stoo kutafuta panga, akarudi nalo, mahakama inaanza kumhesabia hatua. Akilala, akaamka na kuua kesho yake, utetezi huo umemponyoka.

Na hasira hiyo inapimwa kwa nani? Kifungu cha 202 kinasema kwa mtu wa kawaida wa jamii anayotoka mshtakiwa. Hapo ndipo mimi ninapogoma. Kama wanaume wa mahali fulani wamekubaliana kwamba mke akitoka nje ya ndoa damu lazima imwagike, basi makubaliano yao yanaingia mahakamani kama kipimo, na marehemu hayupo kuyapinga.

Sasa mgeuze mshtakiwa awe mke. Kiranjit Ahluwalia, mzaliwa wa India aliyekuwa akiishi na mumewe Uingereza, alipigwa na mumewe kwa takriban miaka kumi. Usiku mmoja wa 1989, baada ya mume kumtisha kwa pasi ya moto, alisubiri alale, akammwagia petroli na kumwasha. Mume alifariki. Mahakama ikamhukumu kifungo cha maisha kwa mauaji ya kukusudia, maana alikuwa amesubiri. Lakini angefanyaje? Mwanamke anayejua kwamba akiinua mkono mume akiwa macho atakufa yeye, hawezi kulipuka papo hapo. Mwaka 1992 rufaa yake ilifanikiwa, si kwa sababu ya kipigo chenyewe, bali kwa ushahidi kwamba msongo ulikuwa umemdhoofisha akili. Aliachiwa huru, ila ilibidi kwanza aitwe mgonjwa.

Hata mlango huo sisi hatuna. Sheria yetu inatambua uwendawazimu, haina daraja la katikati la akili iliyodhoofika. Waingereza wenyewe waliufuta utetezi wa zamani kwa sheria ya 2009: sharti la ghafla likaondoka, na usaliti wa ndoa peke yake haukubaliki tena kuwa kichocheo. Sisi bado tumekalia kanuni waliyotuachia, wao wameshahama.

Ningependa Bunge lifanye mambo mawili kwa pamoja. Fumanizi lisiwe punguzo la uhai wa mtu, na hofu iliyojengeka kwa miaka isihukumiwe kwa saa ya ukutani. Nasema kwa pamoja kwa sababu ukiondoa punguzo la fumanizi huku adhabu ya lazima ya kunyongwa ikibaki, utakuwa umewapeleka watu kitanzini, na hilo pia silitaki.

Wakati tunasubiri, mawakili wa wanawake wanaoshtakiwa kwa kuua waume waliowapiga wasiishie kwenye usiku wa tukio. Waende dawati la jinsia la polisi wakatafute taarifa alizopeleka mteja wao akaambiwa "kayamalizeni nyumbani." Watafute PF3, zile fomu za polisi za matibabu ya majeruhi, za miaka iliyopita. Wamwite mwenyekiti wa mtaa aliyesuluhisha mara tatu, aje aeleze mbele ya jaji alimwona mama huyo akiwa na hali gani.