Baba Mdogo, Bonyeza Y

Wenzangu wakishika pedi ya gemu za magari wanataka kumaliza wa kwanza. Mimi napunguza mwendo nione kama majani yaliyodondoka barabarani yamelowa. Nimeshika mkia mara nyingi kwa ugonjwa huo, na watoto wa ukoo wetu wananijua: ukicheza na baba mdogo, andaa masikio.

Krismasi ile, kama kawaida yetu Wachaga, ukoo mzima ulikuwa umepanda nyumbani Kibosho. Kaka alikuja kutoka Dar na Xbox, mashine ya gemu, ndani yake Forza Horizon 4, ile ya mwaka 2018 ambayo mbio zake zinakimbizwa Uingereza. Watoto walitaka mbio, nikawapa mhadhara. Nikawaeleza kwamba kila wiki majira yanabadilika, na baridi kali ikifika ziwa la Derwentwater linaganda, gari linapita juu yake. Nikawasimamisha kwenye kuta za mawe za mashambani, zile ambazo wakulima wa kule wamezipanga jiwe juu ya jiwe bila tone la saruji.

"Mbio zingekwenda hata bila ukuta huu," nikasema. "Lakini ukiuona, unaamini kuna watu wanaishi hapa."

Mtoto wa kaka, ana miaka 11, akaupita ukuta huo katikati kwa mwendo wa ndege. Mawe yakaruka, gari likaendelea kama limepita kwenye kanga iliyoanikwa. Kondoo wakatawanyika, katika gemu ile kondoo humgongi hata ukikusudia.

"Sasa mwenye ukuta yuko wapi?" akauliza.

Nikamwambia anyamaze, aangalie ukungu.

Kesho yake, tarehe 24, baba mkubwa akanipa pikapu nikachukue mbuzi wa sikukuu na kreti ya soda. Mtoto akapanda mbele nami. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na anayeujua udongo wa mlimani anajua ukilowa unakuwaje: sabuni. Mwendo wangu ulikuwa mdogo, nalisema hili mapema kwa sababu baadaye hakuna aliyelikubali.

Tulipokuwa tunarudi na mzigo, shida ilikuwa mandhari. Migomba juu, mibuni chini yake, mvuke unapanda kutoka ardhini.

"Tazama lile jani la mgomba," nikamwambia mtoto. "Upepo umelichana, na kila kipande kinacheza kivyake. Wenye gemu wanachora mgomba mmoja, wanaunakili mara elfu, halafu wanatuuzia. Wakenya wameshawekwa, mwaka 2020 gemu ya WRC 9 ilikuwa na Safari Rally. Na Safari yenyewe ilipoanza 1953 ilipita mpaka huku kwetu Tanganyika! Siku wakija kuchora Kibosho, waje waniulize mimi."

"Baba mdogo, barabara."

"Naiona. Sasa angalia mfongo ule." Mfongo ni mfereji wa maji wa mababu, unashusha maji kutoka mlimani hadi vihambani, mashamba yetu ya migomba na kahawa, na ule ulikuwa unang'aa juani kama umepakwa mafuta. Nikanyoosha kidole. Hapo mikono miwili ya usukani ikabaki mmoja. "Maji yale, ona yanavyokunja kwenye jiwe, ukiyaweka kwenye gemu..."

Barabara ilikata kushoto. Mimi nikaendelea na mfano wangu.

Nilikanyaga breki mpaka chini, kosa ambalo mwaka mzima nimekuwa nikiwakataza watoto wasilifanye kwenye pedi. Magurudumu yakakaza, pikapu ikateleza kwa utulivu wa ajabu, kama inayokwenda kupokea komunyo. Tukapita kwenye safu ya mimea ya masale, tukalaza migomba mitatu ya mshare, mmoja na mkungu wake mchanga, na tukatulia pua ikiwa ndani ya mfongo. Kimya. Maji yale yale niliyoyasifu yakaanza kunawa bampa.

"Baba mdogo," mtoto akasema, "bonyeza Y."

Katika gemu ile Y inakurudisha nyuma sekunde chache; gari linatoka mtaroni kinyumenyume, kama hakukutokea kitu. Nakiri kidole gumba changu kilisogea kwenye usukani.

Nyuma, mbuzi alikuwa ameshashuka. Alichagua tuta la mnafu, akaanza sikukuu yake siku moja kabla.

"Yeleuwiii!"

Bibi mwenye kihamba alitokea kati ya mibuni, panga mkononi, maana alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Sasa niseme jambo ambalo msomaji hajalijua. Masale yale yalikuwa mpaka, na yule bibi na baba mkubwa wamegombania nusu hatua ya mpaka ule tangu sijazaliwa.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Nilianza kufikiria ukoo mwingine wa kuusingizia. Mtoto akanitajia wa kweli, na jina la baba mkubwa juu.

Vijana wakaja na kamba, wakaivuta pikapu, wakaondoka na kreti nzima ya soda. Baba mkubwa alifika kwa miguu. Aliizunguka pikapu mara moja, akamtazama mbuzi, akautazama mpaka uliolala chini.

"Chukua sale, kamwombe bibi," akasema tu.

Kwetu jani la mpaka ndilo jani la msamaha. Ukimpelekea mtu sale, hawezi kukukatalia hata kama moyo unamchemka. Nikatazama huku na huku. Sale lililokuwa karibu lilikuwa limenasa kwenye bampa. Nikalichomoa, nikalifunga fundo, nikaliinua kwa mikono miwili.

Bibi akaliangalia, kisha akaniangalia.

"Unaniomba msamaha kwa sale langu mwenyewe?"

Hata baba mkubwa alikohoa akitazama pembeni. Lakini bibi akalipokea, mila ni mila. Akauweka mkono kiunoni, akaniamuru niokote masale yote yaliyovunjika niyapande upya, maana kipande cha sale ukikichomeka ardhini kinashika. Nikapiga magoti kwenye tope na suruali ya sikukuu, nikachimba kwenye shimo la zamani.

"Katika gemu," mtoto akanong'ona, "ukirudi unaukuta ukuta umesimama pale pale."

"Sogeza huko kwenu kidogo," bibi akasema.

Nikamtazama baba mkubwa. Alikuwa anakagua jani la mbuni kwa makini ambayo sijawahi kuyaona.

Nikasogeza.

"Kidogo tena."