Kwao mfasiri analipwa, kwetu mwandishi anafutwa jina

Jana kwenye basi la kutoka kazini hapa Toronto nilimaliza sura ya riwaya ya Kichina iliyotafsiriwa kwa Kiingereza, nikashuka moja kwa moja kwenye maoni. Siku hizi maoni yananinogea kuliko hadithi. Riwaya zenyewe mnazijua: kijana fukara anadharauliwa na ukoo wake, anajifunza kuvuna nguvu za mbingu na ardhi, anapanda daraja baada ya daraja hadi kifo kinamshindwa. Sura mamia kwa mamia.

Msomaji mmoja amechoka na mtoto wa tajiri anayemtukana shujaa kisha anapigwa, maana kila mji ni yuleyule, jina tu limebadilika. Mwingine analalamika kwamba binti aliyeanza jasiri sasa kazi yake ni kutekwa na kuokolewa. Wa tatu anamwambia mfasiri kuwa jina la upanga si lile la sura iliyopita. Mfasiri anashukuru, anarekebisha. Wanabishana vikali, lakini hawasahau kwamba kuna mtu amekesha ili wao wasome.

Hayo hayakuanza jana. Mmarekani mwenye asili ya China, anayejulikana kwa jina la RWX, alianzisha tovuti ya Wuxiaworld mwaka 2014 akitafsiri bure riwaya ya Kichina iitwayo Coiling Dragon. Wasomaji wakawa wanachanga ili sura za ziada zitoke, na mwaka 2015 akaacha kazi ya udiplomasia akatafsiri tu.

Kwetu sasa. Simulizi ya Kiswahili ikitua kwenye kundi la mtandaoni, wasomaji wanajaa: "leta vitu mkuu", "arosto inatuua", "nitag". Nawapenda sana, sijaona popote wasomaji wenye kiu kama hii. Ila mwandishi akisema anayetaka sehemu zote atume buku, yaani shilingi elfu moja, ghafla ana tamaa. Kesho yake hadithi iko kwenye makundi mengine, jina lake limefutwa, imewekwa namba ya admin ambaye hakuandika hata sentensi moja.

Najua mtanijibu: "Umeshika dola, unatufundisha maisha." Hapana, ndugu zangu. Nimekua nikisoma hadithi za magazeti ya kuazima, na asiye nacho simdai kitu. Nasema na wewe unayenunua bando kila siku, halafu buku ya mwandishi unaiona dhuluma. Na hao wanaosoma Wachina si Wakanada watupu. Wamo Wafilipino, Wahindi, Wanaijeria, watu wanaohesabu senti kama sisi.

"Mbona hata huko wanaiba?" Wanaiba, tena sana, tovuti za kunakili zimejaa na watafsiri wanalia nazo. Lakini mwizi akitajwa, wapo wasomaji wanaosimama na mfasiri. Kwetu aliyeibiwa ndiye anaambiwa ana roho mbaya, eti kipaji kapewa na Mungu bure, na yeye atoe bure. Daktari naye kapewa akili na Mungu, mbona hamumwambii hivyo?

Yupo dada wa Tanga niliyekuwa namfuata, fundi wa hadithi za majini kuliko Wachina wengi niliowasoma huku. Aliikuta kazi yake ina jina la mtu mwingine, akaacha katikati. Mpaka leo watu wanamwandikia "mwendelezo tafadhali", na waliomtetea siku ile hawakufika watano.