Baiskeli ya mikono na miguu: inatengenezewa nani?

Wanaobuni baiskeli ya kuendeshwa kwa mikono na miguu pamoja huanza na hesabu tamu: ongeza nguvu za mikono juu ya zile za miguu, upate kasi zaidi. Moyo hauikubali hesabu hiyo. Mtu mzima wa afya akikanyaga kwa bidii muda mrefu, kinachomkwamisha zaidi ni oksijeni ambayo moyo unaweza kuifikisha kwenye misuli. Kumpa kazi ya mikono ni kuongeza walaji kwenye sinia lile lile. Kwa sekunde chache za kufyatuka faida ipo. Kwa safari ndefu ni kiduchu, nawe unabeba mnyororo wa pili na vyuma vyake.

Kisha kuna usukani. Mkono unaozungusha ndio huo huo unaotakiwa kunyoosha gurudumu na kukamata breki. Mholanzi Derk Thijs alitengeneza baiskeli ya mtindo wa kupiga makasia, miguu ikisukuma huku mikono ikivuta. Inakwenda kweli, ila simwoni mtu akipenya nayo Kariakoo saa kumi na moja jioni.

Na mlimani, mzigo ukiwa mkubwa? Muuza mkaa hushuka kwenye baiskeli yake, akaisukuma. Tayari anatumia mikono, miguu na mgongo.

Mimi nasema wazo lisitupwe, libadilishiwe mteja. Mwaka 1655 Stephan Farffler, fundi saa wa Ujerumani asiyeweza kutembea, alijitengenezea kigari cha magurudumu matatu cha kuzungusha kwa mikono. Ukoo wa chombo hicho unaonekana leo mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, na Goma, kati ya Kongo na Rwanda, wafanyabiashara wenye ulemavu wakivusha bidhaa kwa baiskeli zao za magurudumu matatu. Hapa hesabu inageuka: anayetumia mikono peke yake huchoka mikono kabla moyo haujafika kikomo. Kama polio ilimwachia mguu mmoja wenye nguvu, au kiharusi kilishika upande mmoja tu, mguu ule mzima ni nguvu iliyokaa bure. Magurudumu matatu pia yanapunguza hofu ya kuanguka.

Kwa hiyo chombo ninachokitaka si cha mashindano. Kiwe na pedali inayoweza kupumzika mikono ikiendelea kuzungusha, mkanda wa kushikilia mguu dhaifu, breki inayokamatwa kwa mkono wowote, na mnyororo wa kawaida, ule ambao fundi wa chini ya mwembe anao kwenye kopo lake.