Karanga za Mama

Siku ya kurekodi niliamka nikakuta karanga zangu hazipo. Mama alizikaanga mwenyewe kule Moshi, akampa mgeni, zikavuka bahari mpaka Marekani. Nikamkazia macho mwenzangu wa chumbani. Akaapa kwa jina la babu yake. Nikatoka bila kumuaga.

Bendi yetu ya chuo ni ya vyombo vya kupuliza na ngoma, na albamu ile ilikuwa mchanganyiko wa watunzi watatu: machi za Sousa, yaani muziki wa gwaride, Grainger kidogo, na Holst. Mimi napuliza tuba, lile dude ambalo kanisani kwetu tuliliita besi. Sousa alipita salama. Kwenye kelele zile hata mbuzi angelia, nani angemsikia?

Holst ndiye aliyeniumbua. Suti yake ya Kwanza, yaani vipande kadhaa vya muziki vinavyofuatana, ya mwaka 1909, inaanza na tuba na yufonia, mdogo wake tuba, tu, taratibu, bendi nzima kimya inakutazama. Nikavuta pumzi, nikapuliza. Muuuu… chakachaka.

"Simameni," fundi mitambo akasema kwenye spika. "Kuna kitu kinatetemeka."

Lawama zikamwendea mpiga ngoma ndogo, maana zile nyuzi za chini ya ngoma yake huitikia sauti nzito zenyewe, bila kuguswa. Akazilegeza. Chakachaka. Ngoma ikatolewa nje. Chakachaka. Tukabadilisha viti, tukafunga stendi kwa selotepu, tukazima kiyoyozi. Na hodari wa kushuku nilikuwa mimi! Nilimwomba dada wa klarineti avue bangili. Akavua, akanikata jicho.

Tulipofika mara ya 9 nikasema ngoja kwanza nimwage maji. Mabomba ya tuba ukiyanyoosha yanazidi mita 5, na pumzi yako yote inageuka umande humo ndani. Nikaligeuza dude zima, mdomo chini.

Ikaanguka moja, ti, kwenye sakafu ya mbao. Halafu mvua. Mwisho kabisa ukatoka mfuko wa nailoni uliotoboka, fundo la mama likiwa bado limekaza. Kumbe usiku, nikifunga begi, niliuchomeka kwenye mdomo wa tuba ili usipondeke.

Maikrofoni zote zilikuwa wazi.

"Hiyo," fundi akasema, "imeingia safi kabisa."

Jioni nikamwangukia mwenzangu. Alinisamehe kwa sharti moja: zikija nyingine, nisimkaribishe.